Kona ya Katoni

Iliyoanguka ilikuwa katoni moja tu, tena kutoka kwenye meza inayomfikia mtu kiunoni. Haikupasuka. Kona yake ilibonyea kama kofia iliyokaliwa, basi. Mama yeyote mwenye mtoto anayekunywa dawa kila siku na asome kisa hiki mpaka mwisho, halafu ajiulize yeye angefanya nini. Asijibu haraka.

Mwanamke mwenyewe walimwita Bi Stika. Alifanya kazi kwenye ghala la dawa, na kazi yake ilikuwa hiyo, kubandika stika. Dawa huja kutoka nje zimeandikwa lugha ambayo hata wenye ghala hawaisomi, na kabla hazijatoka lazima kila boksi lipate karatasi ndogo yenye jina la dawa, namba na tarehe ya kuharibika. Miaka tisa alikuwa akibandika. Alifikia mahali pa kubandika huku macho yake yako dirishani na mdomo wake uko kwenye soga, na stika isiende mshazari hata kidogo. Shule yake iliishia ya msingi, lakini majina ya dawa aliyajua kuliko baadhi ya waliosomea.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na mitano, mrefu mpaka mtaa mzima ukamwita Twiga. Twiga alianza kuanguka akiwa na miaka sita. Kifafa. Waganga walipita, maombi yakapita, na majirani wenye ushauri wakapita mpaka wakaota sugu midomoni. Kilichomsaidia mwishowe kilikuwa kidonge kimoja kidogo cheupe kila jioni. Jina lake la kitabuni ni fenobabitoni, lakini pale kliniki kina mama walikiita "nyeupe" tu, na kila mtu alielewa.

Kwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, Twiga alichora mstari mmoja kwa penseli kila asubuhi aliyoamka bila kuwa ameanguka. Mistari minne, wa tano unaikata. Daktari alikuwa amesema akifikisha miaka miwili mizima, atamwandikia barua. Barua hiyo ilikuwa inasubiriwa na shule ya ufundi ya bweni, ambako Twiga alitaka kusomea umeme. Mkuu wa shule alisema waziwazi, tena kwa upole, "Mama, siwezi kumweka mtoto anayeanguka karibu na nyaya. Lakini niletee barua ya daktari, nafasi yake nitaishikilia mpaka muhula ufunguliwe."

Miaka miwili ni mistari mia saba na thelathini. Kisa hiki kinapoanza, mlango wa kabati ulikuwa na mia sita themanini na minne.

Ilikuwa Jumatatu. Bi Stika alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, bega kwa bega na Mama Mapacha. Kati ya mapacha wake, mmoja ndiye aliyekuwa na kifafa. Wa pili alikuwa na utundu, ambao mama yao alisema bado haujatengenezewa kidonge.

"Twiga hajambo?"

"Hajambo. Bado siku arobaini na sita."

"Wee! Akienda kusomea umeme aje kwangu kwanza. Taa ya jikoni ina mwaka inanikonyeza kama ina shida na mimi."

Walikuwa bado wanacheka dirisha lilipofunguliwa, na sista wa dirishani, ambaye kwa kawaida alianza na maneno mengi, leo akaenda moja kwa moja kwenye habari.

"Nyeupe zimekwisha, kina mama. Nimekusanya mabaki. Kila mtoto vidonge kumi."

"Kumi za nini? Tunachukua za mwezi!" Mama Mapacha akasema.

"Kumi za siku kumi, mama yangu. Mimi sizitengenezi."

"Na zikiisha?"

"Zinatarajiwa. Lakini sikilizeni." Sista akaegemea dirisha na kushusha sauti. "Msizikate nusu ili zidumu. Msimkatizie mtoto ghafla. Mwili umeshaizoea hii dawa, ukiikosa unalipiza. Zikikaribia kuisha na bado sijapata, njooni tumwone daktari, msikae nyumbani mnabuni."

Walisema wamesikia. Na kweli walikuwa wamesikia.

Siku tatu baadaye, Alhamisi, kontena lilifunguliwa pale ghalani. Sukani, dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alishusha mizigo ya aina mbili na kuipanga pande mbili za meza ya Bi Stika. Upande wa kushoto, maboksi ya zambarau, mengi mpaka yakaziba dirisha. Upande wa kulia, katoni arobaini za kahawia, zimejikusanya kama wageni waliokosea harusi.

Bi Stika alisoma ubavu wa katoni ya kwanza, akausoma tena. Nyeupe.

"Na hizi za zambarau?" aliuliza, ingawa alijua. Dawa mpya, ya ugonjwa uleule. Boksi moja lilikuwa mshahara wake wa wiki tatu.

"Hizo zinapita tu," Sukani akasema. "Unazibandika stika ya nchi jirani, Jumamosi zinapanda gari zinavuka mpaka. Huko wana bima, wananunua bila kuuliza bei. Hapa zinakuja kupumzika miguu."

"Na za kahawia, mbona chache hivi?"

Aliyejibu hakuwa Sukani. Alikuwa msimamizi wa ghala, mtu mwembamba wa shati lililopigwa pasi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Fomu kwa sababu alikuwa na fomu ya kila kitu. Walisema hata akipiga chafya anatafuta mahali pa kusaini.

"Chache kwa sababu hakuna anayetaka kuzitengeneza," akasema. "Ni dawa ya zamani, rahisi, haina faida. Viwanda vikubwa vimehamia kwenye hizo za zambarau. Unga wa hii unasagwa sehemu chache, na kila mtu duniani anagombea palepale. Tuliagiza katoni mia mbili. Wametuletea arobaini na samahani." Akageuka. "Bandika, Bi Stika. Kesho ziwe tayari."

Hapo ndipo angeuliza. Zinatoka lini? Zinaanzia wapi? Maswali mawili tu. Lakini Bwana Fomu hakupenda kuulizwa safari za dawa, na aliwahi kumhamisha mfanyakazi mmoja aliyeuliza mara tatu dawa fulani inakwenda wapi. Bi Stika alijua kinachompata anayeuliza. Alijua pia, au alidhani anajua, kwamba mara ya mwisho nyeupe zilipoadimika zilichukua wiki tatu kutoka mezani kwake mpaka dirishani kwa sista, kwa sababu zilianza kwenda mikoa ya mbali. Nyumbani zilibaki saba. Akapiga hesabu huku mikono inabandika, na kila alivyoipiga ilitoka mbaya.

Sasa, ghala lile lilikuwa na desturi yake. Katoni ikibonyea kona haikubaliki kwa wanunuzi, hata kama vilivyomo ndani ni vizima. Bwana Fomu anajaza fomu, anaandika "imeharibika katika kushusha", na vilivyomo wanagawana wafanyakazi. Waliita "ajali". Kulikuwa na ajali ya dawa ya kikohozi, ajali ya vitamini, ajali ya dawa ya kuchua ambayo ilimfanya Sukani anuke mnanaa mwezi mzima. Hakuna aliyeona ni wizi. Na kusema kweli, ajali nyingine zilikuwa zinasaidiwa kidogo. Ila katoni ya nyeupe ilikuwa haijawahi kupata ajali.

Ijumaa saa nne asubuhi, Sukani alikuwa nje anapumzika na Bwana Fomu alikuwa kwenye simu. Bi Stika alikuwa amebandika katoni thelathini na nane. Ya thelathini na tisa aliiweka ukingoni mwa meza. Aliitazama. Akaisukuma kwa kiwiko, kama mtu anayegeuka kuchukua kitu.

Ilianguka kwa sauti ndogo. Hata yeye alishangaa, akadhani itasikika zaidi.

"Ajali!" akaita, kama walivyozoea kuita. Sauti ilitoka sawa. Sukani akaingia anacheka, "Leo tunakunywa nini?" Kisha akaona ni katoni gani, kicheko kikakatika.

Bwana Fomu alikuja na simu bado iko mkononi. Akainama, akaipapasa ile kona.

"Hii siyo ya kugawana," akasema.

"Kona tu, bosi. Ndani nzima."

"Ndiyo, kona tu." Akavua miwani. "Hii ni dawa ya kufuli, Bi Stika. Inaingia kwa kibali cha kuhesabiwa kidonge kwa kidonge, kwa sababu kuna watu huitumia vibaya. Katoni ikibonyea, mtu wa serikali anakuja kuhesabu kama kimetoka hata kimoja. Na hahesabu moja. Anahesabu shehena nzima."

"Nzima?"

"Zote arobaini. Mpaka aje, hazitikisiki hapa." Akamwita Sukani. "Leta ile kamba nyekundu."

Sukani akazisogeza katoni arobaini kwenye kona ya ghala, taratibu kama mtu anayebeba jeneza, na Bwana Fomu akazizungushia kamba nyekundu, akaweka kufuli na karatasi yenye saini. Kisha akamgeukia Bi Stika, na jambo alilolifanya ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alimshika bega.

"Usijilaumu. Kazi ni kazi, mikono huchoka. Bahati mbaya tu. Safari hii nilikuwa nimepanga kliniki za hapa mjini ziwe za kwanza, maana mikoani bado wana akiba. Jumatatu zingetoka, Jumanne zingekuwa dirishani."

Jumanne.

Nyumbani zilikuwa zimebaki sita. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Zingetosha, na siku moja ya ziada.

Bi Stika alikwenda chooni, akafungua bomba ili wasimsikie.

"Mtu wa serikali anakuja lini?" aliuliza Jumatatu iliyofuata. Sasa alikuwa anauliza. Sasa alikuwa na ujasiri wa kuuliza kila saa.

"Fomu imefika. Wanasema yuko bandarini."

Jumatano: "Amesharudi kutoka bandarini?"

"Amerudi. Anasubiri barua ya msambazaji."

Ijumaa: "Na barua?"

"Bi Stika, kwani katoni ni zako?" Lakini alisema bila ukali, na akaongeza, "Msambazaji ametaka picha ya kona. Nimempelekea. Anasema haionekani vizuri."

Nyumbani, tangu Jumapili, mwanamke huyu alikuwa amefanya lile lililokatazwa. Alikuwa na wembe mpya na ubao wa kukatia vitunguu. Kila jioni alikikata kidonge katikati, sawasawa kabisa, maana mikono yake ilikuwa ya stika, na akakoroga nusu kwenye uji, kama alivyozoea kumpa tangu utotoni, Twiga asione kuwa ni nusu. Alijiambia nusu ni bora kuliko hakuna. Alijiambia sista hajui hali ya watu.

Alizunguka maduka ya dawa mpaka soli ya kiatu ikaachia. Kwenye duka moja muuzaji alimtolea boksi la zambarau, akamtajia bei, naye akalipokea mikononi na kulitazama ubavuni. Stika ilikuwa yake, ile ya nchi jirani; boksi lilikuwa limevuka mpaka na kurudi. Aliitambua kwa jinsi ilivyonyooka.

Alirudi kliniki. Daktari wa kifafa alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa imepita. Sista akamwambia aende hospitali kubwa akapange foleni, akampa na karatasi. Bi Stika aliikunja karatasi akaitia kwenye pochi. Hospitali kubwa wangeuliza, mtoto anapewa kiasi gani sasa? Angejibu nini? Nusu? Kwa nini nusu? Na barua ya shule je, wakiandika kwenye faili kwamba dawa imebadilishwa, si wataanza kuhesabu upya? Hofu moja ilikuwa inamsukuma aende na nyingine inamvuta arudi, naye akabaki amesimama pale getini kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Mama Mapacha alimkuta hapo.

"Wewe! Mbona umekonda hivi? Umeishiwa?"

"Jioni ya kesho ndiyo ya mwisho."

Mama Mapacha akafungua leso yake. Ndani mlikuwa na vidonge vinane, alivyovipata kwa dada yake wa mkoani. Akahesabu vinne kwenye kiganja cha Bi Stika.

"Chukua. Twiga kakaribia. Wangu hana barua anayoisubiri, yeye anasubiri meno ya mbele tu."

"Siwezi."

"Chukua bwana, nisije nikabadili mawazo. Aliyedondosha hilo boksi huko kwenu, mimi ningemjua ningemtia makofi mpaka asahau jina lake." Habari ya katoni ilikuwa imeshafika kliniki, kama habari zinavyofika.

Bi Stika alivichukua vile vinne. Alisema asante. Neno lililofuata lilifika mpaka kwenye meno, likageuka likarudi.

Akavikata nusu navyo. Vikaenda siku nane. Jumanne ya wiki ya tatu ya wembe, jioni, uji ulikuwa uji mtupu, na Twiga akanywa akasema, "Mama, leo umeweka sukari nyingi."

Jumatano asubuhi Twiga alichora mstari wa mia saba na saba. Alitoka uani na ndoo ya nguo. Bi Stika alikuwa anavaa kwenda kazini aliposikia ndoo inabingirika. Sauti ile anaijua kila mama wa mtoto wa kifafa. Haifanani na ndoo iliyoangushwa, kwa sababu hakuna anayesema "lo" baada yake.

Alimkuta chini, urefu wake wote umekakamaa kwenye maji ya sabuni, macho yamegeuka. Akamlaza ubavu kama alivyofundishwa, akaondoa ndoo, akaweka kanga chini ya kichwa, hakumtia kitu mdomoni. Alifanya kila kitu sawasawa. Akahesabu. Dakika mbili. Tatu. Ikaachia, Twiga akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kisimani, na kabla hajafumbua macho ikamrudia tena. Hiyo ya pili haikuachia mpaka jirani mwenye gari alipowafikisha hospitali kubwa na daktari wa dharura akamchoma sindano mshipani.

"Alikuwa anakunywa dawa kiasi gani?" daktari akauliza.

Akajibu. Daktari hakumgombeza. Aliandika tu, akapumua, akasema, "Wiki hii ni wa sita. Mmoja ana miaka saba, pacha."

"Yuko wapi?"

"Yuko kitanda cha dirishani. Ataishi."

Bi Stika hakwenda kitanda cha dirishani. Alikaa na uso wake umeangalia ukuta mpaka Alhamisi walipomruhusu Twiga, na bahasha ya vidonge vya siku tano mkononi.

Ijumaa alirudi kazini na kumkuta mtu wa serikali. Kijana mpole, ana glavu. Alifungua kufuli, akafungua ile katoni ya thelathini na tisa, akahesabu vidonge vyote mezani kwa Bi Stika, pale ilipokuwa kabla haijaanguka. Kisha akahesabu nyingine zote, boksi kwa boksi. Saa tisa alasiri akamaliza.

"Hakuna kilichopungua," akasema, akasaini.

Kamba nyekundu ikafunguliwa. Bwana Fomu akataka stika mbili za mwisho zibandikwe haraka, gari liko nje. Bi Stika akabandika moja, akashindwa ya pili.

"Bosi. Niliisukuma mimi."

Bwana Fomu aliinua kichwa.

"Niliisukuma kwa kiwiko. Nilitaka ajali. Binti yangu ana..."

"Nyamaza." Alitazama nyuma, Sukani alikuwa mbali. "Usiniambie hilo. Nimeshajaza fomu. Serikali imeshasaini. Ukisema hivyo, zinarudi kwenye kamba leo hii, na zitakaa miezi. Unanielewa? Miezi." Akamsogezea stika. "Bandika."

Akabandika. Ilikwenda mshazari, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuibandua.

Alipofika nyumbani, jua lilikuwa bado lipo. Twiga alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati lililo wazi, mdomo umevimba upande mmoja, ana kitambaa kibichi mkononi. Nusu ya mlango ilikuwa nyeupe, haina mistari.

"Acha, mwanangu. Nitafuta mimi."

"Naweza." Akaendelea kufuta kutoka juu, pale ambapo mkono wa mama yake haufiki. "Mkuu wa shule amepiga simu. Nimemwambia asiishikilie nafasi. Kuna mtoto mwingine anaitaka."

"Twiga, nisikilize. Lile boksi..."

"Mama, usilie basi. Si wewe uliyezuia dawa." Alisuuza kitambaa kwenye ndoo ileile, akakikamua vizuri. "Nipe penseli. Leo ni wa pili, jana nilisahau kuuchora."

Bi Stika akatafuta penseli droo zote, ingawa ilikuwa mezani, mbele yake. Akampa. Kisha akakaa kitandani, mikono mapajani, akamtazama binti yake akichora mistari miwili midogo chini kabisa ya mlango.